Kumchekesha Kenchi

Tarehe 4 Februari

Wifi yangu wa cherehani,

Nimefika salama. Siku mbili za treni, na kiti changu kilitazama nyuma, kwa hiyo njia nzima nilikuwa kama ninayewaangalia ninyi. Kazini nimekuta wameniwekea lundo langu la mashuka kana kwamba sikuondoka. Msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali hakuniuliza mgonjwa anaendeleaje. Aliniuliza kama nimerudi na mikono yote miwili.

Sijazoea kumwacha kaka hivi. Mtu aliyekuwa akitembea juu ya kenchi za mapaa kama wewe unavyotembea jikoni kwako, mpaka mafundi wenzake wakambatiza jina hilo la Kenchi, nimemwacha amelala kifudifudi, miguu haina habari naye. Kila nikikunja shuka nauona ule mgongo na kidonda chake. Muuguzi alisema tukivumilia kidonda kitafunga, nami nimeshika neno lake kwa mikono hiyo hiyo miwili.

Sasa nisikilize, maana nina jambo, na unanijua nikishika jambo. Nyuma ya ukuta wa chumba chetu pana darasa wanakofundishwa washauri wa wagonjwa. Mashine zikizimwa saa sita mchana tunasikia kila neno. Mwalimu wao ni mzee mmoja mwembamba, shati lake halikosi chaki begani. Wiki hii anafundisha juu ya hisia njema. Si mahubiri, wifi. Anasema watu wamepimwa. Hofu humbana mtu akaliona tatizo tu, kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Furaha, hata ikiwa ndogo, humpanulia macho akaona na vilivyo pembeni. Mtu aliyeshtuka, ukimrudishia jambo lililowahi kumchekesha, moyo wake hutulia mapema kuliko wa yule aliyeachwa hivi hivi. Hulala. Hula. Nimeyaandika yote nyuma ya orodha ya foronya, ndiyo karatasi hii ninayokuandikia.

Nimeamua hivi: kila barua nitaweka ndani yake siku moja njema ya utotoni kwetu. Wewe msomee akiwa macho, ukishamaliza kumbadilisha bandeji, maana ndipo anapohitaji. Kutoka huku siwezi kumgeuza wala kumsafisha. Hili naliweza.

Ya leo ni hii. Kaka ana miaka kumi na mbili, banda la kuku linavuja, baba amesema atatafuta fundi. Kaka akasema fundi ni yeye. Akapanda na nyundo, na kabla hajapiga msumari wa kwanza bati likampokea, akazama mpaka ndani. Kuku wakatoka wote kama watu waliosikia moto. Tukasubiri. Kimya. Kisha mlango ukafunguka, kaka akatoka na manyoya kichwani na yai zima mkononi, akamkabidhi baba na kumwambia, “Nilikuwa nalitafuta hili.”

Niandikie amefanyaje.

Wifi yako,
Chiriku

*

Tarehe 19 Februari

Wifi Chiriku,

Barua imefika, na foronya zako nyuma yake nimezisoma pia.

Nataka ujue kwamba umemchagulia mtu aliyeanguka kutoka juu ya paa hadithi ya mtu kuanguka kutoka juu ya paa. Nilipofika kwenye bati nikasita, nikataka kuruka mistari. Akasema, “Soma. Najua yai linakuja.” Akacheka. Alicheka mpaka nikamshikilia bega asijigeuze vibaya. Halafu akaniambia yai lilikuwa viza, ila wewe ulikuwa mdogo hukuambiwa.

Mambo yetu ndiyo hayo. Namgeuza kila baada ya saa mbili kwa saa ya mezani. Ikilia naacha cherehani hata kama nipo katikati ya pindo. Nimepata kazi ya sare za shule, mashati arobaini, kwa hiyo chumba kizima ni kola na mikono ya watoto ambao hawamo. Kitanda tumekisogeza karibu na dirisha. Anaona ukuta wa jirani na kipande cha paa lake, na kila siku ananieleza lilivyoezekwa vibaya. Papi za kupigilia bati zimewekwa mbali mbali, anasema, mvua kubwa moja tu itamtafuta huyo fundi.

Muuguzi anayezunguka majumbani anakuja Jumatatu na Alhamisi. Kidonda kimeanza kukauka pembeni. Anakula.

Hayo ya mwalimu wako sina elimu nayo. Mimi nilikulia kwa shangazi ambaye ukicheka sana alikuuliza unataka kulia nini. Lakini ukileta nyingine nitaisoma. Huwa anauliza barua mara tatu kwa wiki, akijifanya anaulizia mambo ya posta.

Wifi yako wa cherehani

*

Tarehe 8 Machi

Kaka yangu Kenchi,

Hii ni yako mwenyewe, wifi ni mdomo tu. Nimefurahi mpaka nikawasimulia wenzangu wa zamu, na leo yule mwalimu alipopita kuchukua vitambaa vya kufutia ubao nikamsimulia na yeye. Akauliza una umri gani na unalala saa ngapi. Akasema, “Endelea, lakini mwache achague.” Sikumwelewa vizuri, mashine ilikuwa inakamua.

Kidonda kimekauka pembeni. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi kuliko maneno yote niliyowahi kusoma.

Siku ya leo: kesho yake mpiga picha anakuja shuleni, na nywele zangu ziko kama kiota. Ukachukua mkasi wa baba. Ukapunguza kulia, kushoto kukawa kurefu. Ukapunguza kushoto, kulia kukawa kurefu. Tukaenda hivyo hivyo mpaka pakawa hapana cha kulinganisha. Nikaanza kulia. Ukanitazama, ukakaa chini, ukanipa mkasi. “Haya,” ukasema, “na mimi.” Ile picha bado ninayo: vipara viwili mstari wa mbele, na mwalimu mkuu nyuma yetu anatutazama sisi badala ya kamera.

Kaka, nina likizo ya siku kumi mwezi wa tano. Nije? Sema neno tu, niiombe mapema, maana tunagombania.

Mdogo wako,
Chiriku

*

Tarehe 24 Machi

Chiriku,

Mkono unaoandika ni wa mke wangu, mdomo ni wangu. Kwa hiyo makosa ya herufi ni yake, na uongo wote ni wangu.

Picha hiyo usije ukamwonyesha mtu. Mimi nina heshima zangu mtaani, japo kwa sasa nazilalia.

Likizo usiiguse. Unakuja mwezi wa tano unikute nimelala kama gogo, unalia siku kumi, unarudi kazini macho yamevimba, mimi nimepata faida gani? Iweke. Mwezi wa tisa unapata ile ndefu. Muuguzi amesema mambo yakienda yanavyokwenda, kufikia hapo nitakuwa nakaa kwenye kiti. Unikute kwenye kiti, nimevaa shati, nakuuliza habari za safari kama mtu. Hilo ndilo ninalolitaka.

Umeuliza usingizi. Siku ya barua nalala vizuri. Mwambie mwalimu wako aandike.

Leta nyingine, na usinipunje. Unazo nyingi, ulikuwa mtoto wa kucheka hovyo.

Kaka yako,
Kenchi

Wifi, ni mimi. Nilitaka kuongeza neno la kwangu lakini karatasi imeisha.

*

Tarehe 12 Aprili

Kaka, na wewe wifi,

Sawa. Siku zangu kumi nimempa mwenzangu mwenye mtoto mchanga, naye atanishikia zamu mwezi wa tisa. Nimeshaanza kukuona kwenye kiti. Shati ni lile la mistari.

Leo nawaletea kubwa. Niliiweka akiba. Mwalimu aliwaambia wanafunzi wake wafumbe macho watafute siku moja ambayo wakiiingia wanasikia mwili unalegea wenyewe, na mimi huku nyuma ya ukuta nikafumba macho na kikapu cha taulo mapajani. Sikutafuta. Ilikuja yenyewe, siku ya bwawa la machimbo.

Nina miaka mitano, kaka una kumi. Asubuhi ile ulinishika mkono ukaniambia leo hatuna kazi, leo tunatembea. Hatukuaga. Tulikwenda mpaka kule walikokuwa wakichimba mawe, shimo limejaa maji ya mvua, maji ya kijani. Ukanifundisha kurusha kijiwe kikaruka juu ya maji, mara tatu, mara nne. Ukajifanya chura. Ukajifanya mtu anayezama, ukatoka na majani mdomoni, ukajifanya baba anatafuta miwani. Nilicheka mpaka nikapata kwikwi, na kwikwi ikatuchekesha zaidi. Kila nikitaka kugeuka kuangalia nyumbani, kule bondeni, unanigeuza uso: “Tazama maji, Chiriku, usipitwe.” Tukakaa mpaka jua likaisha. Ukanibeba mgongoni kurudi. Nilikuwa nimelala kabla hatujafika.

Sijui kwa nini siku ile hukuwa na kazi. Wakati ule mama alikuwa anaumwa, halafu akapelekwa hospitali, na mwezi uliofuata wakatuambia hatarudi. Nadhani ndiyo maana naishika. Ilikuwa siku ya mwisho ya kuwa mtoto bila kujua. Mtu akiniuliza furaha ni nini, kaka, mimi namwambia maji ya kijani.

Wifi, hii isome polepole.

Chiriku

*

Tarehe 2 Mei

Wifi,

Barua imefika. Nimeisoma kama ulivyoagiza.

Nakuomba usilete tena habari ya bwawa. Lete nyingine, ile ya nywele au mfano wake. Au pumzika kidogo kuleta, si lazima kila barua.

Kaka yako anakusalimu. Sare zimenibana, kwa hiyo naishia hapa.

Wifi yako wa cherehani

*

Tarehe 15 Mei

Wifi,

Nimekaa siku tatu ili nisikuandikie kwa hasira, na hasira haikuondoka. Kwa hiyo nakuandikia nayo.

Nimekuletea siku bora ya maisha yangu, unanirudishia mistari mitano na kuniambia nipumzike. Kaka hakusema neno? Mtu aliyeniambia nisimpunje? Sikuamini. Nakufahamu, wifi. Tangu siku ya arusi yenu wewe ni mtu wa uso mkavu. Watu walicheka, wewe ulikuwa unahesabu viti. Sisemi ni kosa, ndivyo ulivyolelewa. Lakini sasa uso huo ndio anaoamka nao na kulala nao, na mwalimu amesema wazi: hali ya anayeuguza huhamia kwa mgonjwa. Ukimnunia, mwili wake unasikia. Kama kidonda kitachelewa kufunga, mimi nitajua kilichokichelewesha.

Labda unaona wivu kwamba kuna siku zake ambazo wewe hukuwamo. Niambie ukweli kama ndivyo.

Msomee bwawa. Ni lake na langu. Wewe ni msomaji tu.

Chiriku

*

Tarehe 9 Juni

Kwako wifi,

Telegramu yako ilikaa ofisi ya msimamizi siku nne kwa sababu nilikuwa zamu ya upande wa pili na hakuna aliyejisumbua kuvuka ua. Nilipoisoma alikuwa ameshazikwa. Nilipanga kuja. Nikafika stesheni na begi, nikakaa kwenye benchi, treni ikaja ikaondoka. Nilikuwa nakuja kwa nani?

Nimekaa nikapiga hesabu. Tarehe kumi na tisa Februari kidonda kinakauka. Machi anajiandaa kukaa kwenye kiti. Mwisho wa Mei yuko ardhini. Mtu hafi kwa kidonda kilichokauka, wifi. Mimi nafua mashuka ya hospitali miaka kumi na mmoja, najua harufu na rangi ya kila kitu. Mmoja kati yenu alinidanganya, na mmoja hayupo kuulizwa.

Nataka unieleze yote. Usinipambie, wala usinitafutie yai. Kama hutaki kunieleza, basi usiniandikie tena, na mimi nitajua kwamba nilikuwa na kaka tu, wifi sikuwa naye.

Mdogo wake

*

Tarehe 28 Juni

Wifi Chiriku,

Barua yako ya kuniita mkavu ilinifikia siku ya sita baada ya mazishi. Sikuijibu kwa sababu sikujua nimjibu nani, wewe uliyeiandika ukidhani yuko hai au wewe uliyekwisha kujua. Sasa nitakueleza yote. Nimefunga cherehani na nimeketi chini, kwenye nafasi ya kitanda.

Mwezi wa kwanza, ukiwa bado hapa kwetu, daktari alikuja siku uliyokwenda kutafuta sponji ya godoro. Alimwangalia, akatuambia kidonda kimekwenda mpaka kwenye mfupa na uchafu umeingia kwenye damu. Miezi mitatu, akasema, labda minne. Ulirudi umebeba lile sponji kichwani unafoka juu ya bei. Kaka yako alikuwa ameshaniapisha. Alisema, “Chiriku asijue. Akijua atakuja na uso wa msiba, na nitakufa huku nikimbembeleza. Mwache acheke huko aliko.” Muuguzi naye alikuambia tuvumilie, kwa sababu kaka yako alimwomba.

Kwa hiyo kidonda hakikukauka hata siku moja. Kilikuwa kinaingia ngumi yangu. Mwezi wa tatu nilikuwa nafunga kitambaa puani ili nikisafishe, na yeye akajua, akaanza kuniambia habari za paa la jirani ili nisione kwamba amejua. Kiti hakikuwapo. Likizo yako alikukataza ili usimwone. Nilipoandika kwamba karatasi imeisha, haikuwa imeisha. Nilikuwa na nusu ukurasa mtupu mbele yangu na kalamu mkononi, na yeye ananitazama.

Lakini usidhani yote yalikuwa uongo. Alicheka kweli. Siku ya yai alilala saa nne mfululizo, na kabla ya hapo alikuwa hapati hata moja. Siku ya vipara alikula chakula chote akadai kingine. Nikimsafisha baada ya barua hakuuma meno. Nilianza kuzigawa, wifi. Barua moja niliisoma mara tano katika wiki mbili, nikibadilisha sauti, kama mtu anayegawa dawa inayokaribia kwisha. Kwa hiyo mwalimu wako hakukosea. Ila ilimsaidia siku ile tu. Mfupa uliendelea na mambo yake. Na zipo siku alicheka, kisha akageukia ukuta mpaka jioni, na siku hizo sikujua kama nimempa kitu au nimemnyang’anya.

Sasa bwawa. Nilisoma polepole kama ulivyosema. Nilipofika kwenye chura alikuwa anatabasamu. Nilipofika pale anapokugeuza uso utazame maji, akasema, “Basi.” Nikaacha. Akaniambia nirudie toka mwanzo. Nilirudia mara tatu, na mara zote tatu aliniambia basi pale pale.

Kisha akanieleza. Wifi, mama yenu hakufia hospitali. Alifariki nyumbani alfajiri ya siku ile. Baba yenu alimwita kaka yako uani akamwambia, “Mtoe mtoto. Msirudi mpaka jua lizame, na asikuone ukilia.” Kutoka kule machimboni nyumba inaonekana chini bondeni. Alikuwa anawaona watu wanaingia na kutoka. Aliwaona wanambeba. Ndipo alipokuwa anakugeuza uso. Habari ya hospitali aliitunga baba yenu, na baada ya hapo ikawa ngumu kuibomoa, mwaka kwa mwaka, mpaka naye akafa nayo.

Nikamwambia, ulifanya kazi ya mtu mzima. Akatikisa kichwa. Hiyo sehemu haikuwa inamsumbua. Akasema, na haya ni maneno yake kama yalivyotoka: “Ulipokuja wakati wa kwikwi, mke wangu, nilisahau. Sikuwa naigiza tena. Nilicheka kwa kweli. Nilifurahi. Mama anabebwa kule chini na mimi nimefurahi, sijui kwa muda gani, halafu ikanirudia. Nikajiona mimi ni mtoto wa namna gani.” Miaka thelathini na miwili aliikalia hiyo. Alikuwa hajamwambia mtu.

Mimi nilikuwa natia uzi kwenye sindano na uzi ukawa hauingii. Nikaulowesha kwa ulimi. Nikamwambia, “Ulikuwa na miaka kumi.” Akahesabu kwa vidole. Baadaye akasema, “Ndiyo. Kumi.” Akasema tena, kama anayeisikia namba kwa mara ya kwanza. Usingizi ukamchukua hapo hapo, mchana, bila dawa.

Aliniambia nisikueleze. “Iache siku yake,” alisema. “Kati yetu mmoja na awe nayo nzima.” Ndiyo maana ya mistari yangu mitano. Sikuwa na wivu. Au labda nilikuwa nao kidogo, sijui.

Alikufa Alhamisi alasiri, saa tisa na kitu. Nilikuwa natia vifungo kwenye shati la kumi na saba. Akasema anasikia baridi. Nikamfunika. Akasema bado. Nikapanda kitandani nikalala ubavuni kwake, jambo ambalo hatukulifanya tangu aanguke. Akaniuliza shati ni la mtoto wa kiasi gani. Nikasema wa miaka saba hivi. Akasema, “Acha pindo kubwa, wanakua hao.” Hakusema kingine. Nilisikia anapumua, kisha nikawa sisikii. Sindano ilikuwa bado mkononi, nikabaki nimeinyanyua juu, sithubutu kushusha mkono nisije nikamchoma. Muuguzi ndiye aliyekuja kuitoa vidoleni kwangu.

Hayo ndiyo yote. Nimevunja kiapo cha mume wangu na nimekuharibia siku uliyokuwa nayo. Uliniambia nisikupambie, nami nikaona kwamba wewe umegeuzwa uso mara mbili katika maisha yako, ya pili kwa mkono wangu, na ya tatu singeiweza. Kama nimekosea, nimekosea nikiwa nimekaa chini, macho makavu kama ulivyosema.

Wifi yako

*

Tarehe 16 Julai

Wifi yangu,

Nimeisoma barua yako chumba cha pasi, nimesimama, kisha nikakaa juu ya kikapu. Zamu ikaisha nikiwa bado nimekaa.

Neno nililokuandikia mwezi wa tano siwezi kulirudisha. Nilikuwa nimesikia nusu ya somo kupitia ukutani, nikakupiga nayo wewe uliyekuwa unasafisha kidonda cha kuingia ngumi. Nilimfuata mwalimu darasani nikamwambia nilichofanya. Aliacha kufuta ubao. Akasema hakuwahi kufundisha kwamba mgonjwa anadaiwa furaha, wala anayemuuguza. Nikamwuliza: mtoto akifurahi siku mama yake anakufa, ni mtoto mbaya? Akauliza mtoto mwenyewe yuko wapi. Nikamwambia amekufa mwezi wa tano, fundi wa mapaa. Akakaa kwenye dawati la mbele. Akasema mtoto hawezi kubeba huzuni kutwa nzima bila kuitua, mwili wenyewe humtua mzigo, na kwamba bila kwikwi ile huenda asingeweza kunibeba mgongoni kurudi. Akasema angependa kumwambia hivyo. Nikamwambia alishaambiwa. Wewe ulimwambia kwa maneno manne.

Mama nimemlilia upya, wifi. Nimemlilia kama mtoto wa miaka mitano, kwa sababu yule wa miaka mitano hakupewa nafasi. Na siku ya bwawa nimekuwa naijaribu kama unavyojaribu jino bovu kwa ulimi. Nilitegemea itakuwa imekufa. Haikufa. Maji bado ni ya kijani, kaka bado ana majani mdomoni, na mimi bado mwili unanilegea. Halafu nakumbuka kule bondeni, najiona mimi ni mtu wa namna gani. Kwa hiyo aliloniepusha nalo limenifikia, na karibu yangu hapana anayetia uzi aniambie nilikuwa na miaka mitano.

Nakuja Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Nimeomba siku, wakakataa, nimezichukua bila ruhusa. Sijui kama nimekusamehe, na sijui kama wewe umenisamehe. Tutakaa nalo humo humo chumbani, wewe ukishona.

Usinisafishie nyumba. Kama bado inanuka ile dawa ya kidonda, usifungue dirisha kwa ajili yangu.

Wifi yako,
Chiriku